Jinsi ya kulea kikundi cha watafiti wa historia Kisumu na magharibi mwa Kenya

Mwanafunzi wa uzamili wa historia huwa na wenzake kwa mwaka mmoja tu. Masomo ya darasani yakiisha, kila mtu hurudi kwake: mmoja anafundisha kidato cha tatu Butere, mwingine ni naibu wa mwalimu mkuu Rachuonyo, wa tatu ameajiriwa na kaunti kule Bungoma na sura ya kwanza ya tasnifu yake imo kwenye flashi iliyojaa picha za harusi. Vyuo navyo vimetawanyika: Maseno, Bondo, Kakamega, Kibabii, Eldoret, na ukivuka Mau, Egerton kule Njoro. Semina ya idara huitishwa mtu anapowasilisha pendekezo la utafiti, kisha tena anapotetea tasnifu. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka ambayo hakuna anayesoma unachoandika isipokuwa msimamizi wako, naye ana foleni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuziba pengo hilo, awe mhadhiri kijana, mkutubi, au mwanafunzi aliyechoka kuandika peke yake. Msimamo wangu nautoa mapema: kikundi cha watafiti hakilelewi kwa hotuba za kutiana moyo. Hushikana pale watu wanapopeana vitu viwili, kurasa za kusomeana na nambari za faili. Mengine yote humu yapo ili hayo mawili yawezekane.

Hatua ya kwanza: tafuta watu sita wanaoandika

Usianze kwa kufungua kundi la WhatsApp. Utapata watu mia kwa wiki moja, salamu za asubuhi, mistari ya Biblia na matangazo ya ploti. Anza na watano au sita walio na kitu mkononi: pendekezo lililokwama, sura nusu, au hata orodha ya faili walizosoma. Kila mmoja umuulize maswali matatu kabla ya kumkaribisha. Unaandika juu ya nini na miaka ipi? Umefika wapi? Unaweza kuleta kurasa zako lini? Akikwepa swali la tatu mara mbili, mwache kwanza. Atakuja mwenyewe akiwa tayari.

Mada zisifanane mno. Watu watatu wanaoandika juu ya misheni ya Friends (Waquaker) pale Kaimosi, iliyoanza 1902, watafichana faili. Lakini mkiwa na mmoja wa Kaimosi, mmoja wa reli, mmoja wa pamba na mmoja wa siasa za Kisumu baada ya uhuru, kila mwandishi atapata wasomaji werevu wasiojua habari yake, na msomaji wa namna hiyo ndiye anayegundua ulipoparukia.

Mhadhiri aalikwe, ila asikalie kiti cha mbele. Najua wengine watalipinga hili, kwa kuwa heshima kwa mwalimu ni jambo zito kwetu. Lakini jaribu kumwambia mwenzako kwamba sura yake ya pili haina hoja huku msimamizi wake ameketi hapo akitikisa kichwa. Profesa aje mara moja kwa muhula, aulizwe maswali, apewe chai, na kikao cha kawaida kiendelee bila yeye. Mkutubi, kwa upande wake, awe mwanachama kamili tangu siku ya kwanza.

Hatua ya pili: siku na mahali

Jumamosi asubuhi, mara moja kwa mwezi, Kisumu mjini. Kisumu kwa sababu matatu za Busia, Kakamega, Kisii na Kericho zote hushukia hapo, na asubuhi kwa sababu mvua ya ziwa hupenda alasiri na mtu wa Siaya anataka kufika kwake mapema. Chumba cha maktaba ya umma au darasa la chuo lililo wazi wikendi kinatosha. Mkahawa haufai, nusu ya muda huishia kwenye samaki.

Novemba usipange kitu. Wanachama wengi ni walimu, KCSE huwala, na baadhi yao huenda kusahihisha. Wa Nakuru na Njoro wawe na kikao chao kidogo, wakutane na wa Kisumu mara mbili kwa mwaka, labda Kericho, ambako kila upande unakuja nusu ya njia.

Hatua ya tatu: someaneni

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo sheria ziwe chache na ngumu. Kila kikao kinasoma kazi ya watu wawili, si zaidi. Kurasa zisizidi ishirini, zifike kwa wote wiki moja kabla. Ambaye hakusoma anakuja, lakini hasemi. Mwandishi naye hunyamaza kwa nusu saa ya kwanza na kuandika yanayosemwa, kwa sababu akiruhusiwa kujitetea mapema mtasikia maelezo mazuri ambayo hayapo kwenye karatasi. Kisha anajibu. Mwishoni kila msomaji anamkabidhi nakala yake yenye maoni pembeni.

Msianze na sarufi wala mtindo wa marejeo. Hayo yaandikwe pembeni tu. Ulizeni: sura hii inadai nini? Ushahidi wake ni upi? Nani anasikika na nani hasikiki? Kuna maelezo gani mengine ya jambo hilohilo ambayo mwandishi hakuyagusa?

Chukua mfano ambao kila mtu wa hapa ameuona. Sura inasema reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuleta mabadiliko makubwa ya kiuchumi. Ilifika kweli, na mahali hapo palikuwa pakiitwa Port Florence. Mabadiliko kwa nani, basi? Kwa mwenye duka wa Kihindi, kwa mama aliyekuwa akipeleka mtama sokoni, au kwa kijana aliyeanza kutafuta pesa ya kodi ya nyumba? Kodi ilianza lini hapo, na nani aliikusanya? Mwandishi akishindwa kujibu, anajua kazi yake ya mwezi ujao bila kuambiwa.

Ugonjwa mwingine wa tasnifu zetu ni sura ya nadharia. Vyuo vinaidai, mwanafunzi anaiandika, kisha haitajwi tena hadi hitimisho. Kikundi kimuulize mwandishi waziwazi: ungeitoa nadharia hii, ni sentensi gani katika sura ya nne ingebadilika? Kama hakuna hata moja, arudi kwa msimamizi wakazungumze. Msimwambie aifute. Nyinyi si bodi ya chuo.

Na muwe wakali kwa upole. Mtu aliyekaa miaka miwili na sura moja huwa ameifanya kuwa nyumba yake, na ukiingia na viatu vya matope utamfukuza yeye, si kosa lake.

Hatua ya nne: daftari la pamoja la faili

Hili ndilo litakalowabakiza watu kwenye kikundi hata wakati hawana kurasa. Mtafiti wa Kakamega anakwenda Nairobi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyo katika lile jengo la zamani la Bank of India, Barabara ya Moi. Analipa nauli, analala kwa ndugu mtaa wa Umoja, anaagiza faili, nyingine hazipatikani, nyingine zimejaa risiti za petroli. Anarudi na anachokitaka, na yote mengine aliyoyaona kichwani mwake yanapotea. Mwaka unaofuata mwingine anasafiri kwenda kuagiza faili zilezile.

Fungueni jedwali moja kwenye kompyuta, kila mwanachama awe na nakala. Kwa kila faili andikeni: iko hifadhi ipi, nambari yake kamili, jina lililo kwenye jalada, miaka inayofunika, hali yake, mistari mitatu ya kilichomo, na nani ana nakala ya kurasa zipi. Faili iliyoagizwa ikakosekana nayo iandikwe, pamoja na tarehe. Habari ya kwamba kitu hakipo huokoa nauli kuliko habari ya kwamba kipo.

Kisha wafundisheni wapya jinsi mipaka ya zamani inavyoamua mahali pa kutafuta. Mtu wa Kakamega au Bungoma huanza kwa kutafuta Mkoa wa Magharibi. Haukuwapo wakati wa ukoloni. Eneo hilo lilikuwa chini ya mkoa wa Nyanza hadi wakati wa uhuru, na ripoti zake ziko kwenye mafaili yanayoanza na PC/NZA, ya mkuu wa mkoa, na yale ya wilaya kama DC/NN ya Nyanza ya Kaskazini. Kericho pia ilitawaliwa kutoka Kisumu, kwa hiyo mtafiti wa Kipsigis anayechimba mafaili ya Bonde la Ufa peke yake atakosa mengi. Na kabla ya 1902 sehemu hii yote ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda; afisa wa Mumias wa miaka ya 1890 alikuwa akiwaandikia wakubwa wake Entebbe. Anayeandika juu ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na Waingereza wa mwanzo aweke akiba ya nauli ya Uganda.

Kabla ya Nairobi kuna hifadhi za karibu. Hifadhi ya taifa ina vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru, na nashangaa ni wanafunzi wangapi hupita mlangoni wakienda stendi kupanda basi la Nairobi. Vituo hivyo vina mafaili ya tawala za huku ambayo hayako makao makuu. Anzeni hapo. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka 30, kwa hiyo anayeandika juu ya miaka ya 1990 apige hesabu kabla ya kuchagua mwaka wa kuishia.

Kuna vitu vya nje pia ambavyo daftari linapaswa kuvitaja. Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani kina nakala za filamu ndogo (microfilm) za mafaili mengi ya kikoloni ya Nairobi, na baadhi ya ambayo hayapatikani tena mezani hapa huonekana kule. Uingereza ilikiri mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri pale Hanslope Park, kituo cha serikali yake, maelfu ya faili zilizoondolewa makoloni. Zilianza kufunguliwa 2012 huko Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, chini ya nambari FCO 141. Gazeti rasmi la serikali, ambalo wengi huliona kavu, linasomeka bure mtandaoni kwa miongo mingi na lina uteuzi wa machifu, notisi za ardhi na leseni za biashara. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, ya enzi za ukoloni, ulichapwa mwaka 1934 kwa majuzuu matatu, na humo mna sauti za wazee wa Nyanza ambazo hutazipata kwingine kwa maandishi. Mtu mmoja akipata nakala ya dijitali, wote wameipata.

Safari za Nairobi zifanywe na watu wawili au watatu kwa pamoja, wakibeba maagizo ya waliobaki. Ulizeni kwanza kanuni za kupiga picha na ada zake, mzifuate bila ujanja. Mkifungiwa mlango mmoja, mmefungiwa nyote. Kila picha ipewe jina linaloanza na nambari ya faili siku hiyohiyo kabla ya kulala. Picha mia nne zisizo na majina ni mzigo tu. Nakala moja ikae kwenye diski ya mtu mwingine.

Halafu wahifadhi wenyewe. Wasalimieni kwa majina, waelezeni mnachotafuta badala ya kuwarushia nambari, na tasnifu ikimalizika wapelekeeni nakala. Mhifadhi anayejua unachotaka atakumbuka boksi ambalo halimo kwenye orodha yoyote.

Hatua ya tano: masimulizi, na jinsi ya kutowachosha wazee

Historia ya sehemu hii ilijengwa juu ya masimulizi. Mwaka 1967 marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alichapisha historia ya Waluo wa kusini, na Gideon Were akachapisha ya Waluhya, zote zikitegemea wazee waliohojiwa vijijini. Were alifanya zaidi: mwaka huohuo alitoa kitabu kingine chenye matini ya mahojiano yenyewe, ili mwingine aweze kurudi na kupima. Sisi tuna simu zinazorekodi siku nzima na bado mahojiano yetu hufia kwenye simu iliyoibwa.

Kikundi kisaidie kwa mambo manne. La kwanza ni karatasi: kibali cha kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, kisha barua kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu, halafu chifu na naibu wake. Aliyepita hivi karibuni awape wengine nakala ya maombi yake yaliyokubaliwa. La pili ni unukuzi. Saa moja ya sauti hula nusu siku au zaidi, kwa hiyo badilishaneni: mwenye Dholuo amnukulie mwenye Lubukusu rekodi zake za Dholuo, na kinyume chake, wakilipana kwa saa. La tatu ni kusikiliza pamoja dakika kumi za mahojiano ya mgeni katika fani. Utasikia anavyomkatiza mzee kila anapofika patamu. Hakuna kitabu cha mbinu kinachofundisha hilo upesi kama kujisikia mwenyewe mbele ya wenzako.

La nne ni gumu zaidi: kulinda watu. Kisumu ina Oktoba 1969, siku ambayo watu walipigwa risasi wakati Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali. Nakuru, Eldoret na Kisumu zina ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008. Mwenye mada kama hizi asiende peke yake mara ya kwanza, asiende na umati pia. Akubaliane na msimulizi kuhusu jina, kuhusu kurekodiwa na kuhusu nani atasikia sauti. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamhusu. Rekodi za namna hiyo zisiingie kwenye daftari la pamoja hata kidogo, na kikundi kisimwombe mtu azilete.

Kuna jambo dogo ambalo wapya hulikosa. Mzee aliyesoma anaweza kukusimulia uhamiaji wa mababu sawasawa na ulivyo kwenye kitabu cha 1967, na wewe ukaandika kwamba masimulizi yanathibitisha kitabu. Muulize kwa adabu: mzee, haya uliyasikia kwa nani, na lini? Akisema babu yake, mwulize babu aliyaelezea wapi. Akisema shuleni, hilo nalo ni historia, ila ya shule.

Suala la zawadi lisiwe la kubahatisha. Kubalianeni kikundini kiwango kimoja, sukari na majani ya chai kwa mfano, ili mwenye pesa asiharibu kijiji kwa wanaomfuata. Na wekeni orodha ya wazee waliokwisha kuhojiwa na wanachama. Kuna wazee mashuhuri huku ambao hutembelewa na kila mwanafunzi, na jirani yao, mjane mwenye kumbukumbu kali zaidi, hajawahi kuulizwa lolote.

Hatua ya sita: msimamizi, pesa, na mengine yanayoudhi

Kikundi hakiwezi kuwa badala ya msimamizi. Kinaweza kumsaidia mwanachama kumwandikia barua fupi yenye maswali mawili yanayojibika badala ya kumtumia sura nzima na neno "tafadhali pitia". Kinaweza pia kumfanyia mazoezi ya kujitetea wiki moja kabla, na maswali ya kikatili yaulizwe hapo.

Pesa ziwe chache. Mchango mdogo wa kila kikao kwa M-Pesa ya mweka hazina, kwa ajili ya chai, kunakili na nauli ya asiye na kazi. Mwanasiasa akijitolea kufadhili, hasa katika mwaka wa kura, mshukuruni. Kisha mkatae. Historia ya ukoo wake itafuata.

Hatua ya saba: kuchapisha bila kuibiwa

Vyuo vinadai makala yaliyochapishwa kabla ya kuhitimu, wa uzamivu wakidaiwa zaidi, na shinikizo hilo limezaa majarida ya kitapeli yanayowanyemelea wanafunzi kwa barua pepe. Kabla mtu hajatuma chochote, wawili kikundini walikague jarida hilo. Wahariri ni watu wanaojulikana katika fani? Je, wameahidi kuchapisha ndani ya siku chache? Wanataka pesa kabla makala hayajasomwa na wataalamu? Linachapisha historia, uuguzi na uhandisi katika toleo moja? Soma makala mawili ya nyuma. Mara nyingi hayo pekee yanatosha.

Zamani Chama cha Historia cha Kenya kilikuwa na mikutano ambayo makala yake yaliingia kwenye mfululizo wa vitabu ulioitwa Hadith, Ogot akiwa mhariri. Kwa kiasi chenu mnaweza kuiga: siku moja kwa mwaka, makala manne tu, pengine kwenye ukumbi wa Makavazi ya Kisumu mkikubaliwa, na waalikwe walimu wa historia wa sekondari na wazee waliohojiwa. Kila makala yasomwe kwa ufupi na kwa Kiswahili au lugha ya wenyeji. Mtafiti akijua kwamba mama aliyemhoji Nyakach ataketi safu ya mbele, huandika kwa uangalifu wa aina nyingine.

Hatua ya nane: wanaopotea na wanaomaliza

Mtu akikosa vikao viwili, apigiwe simu na mmoja tu, si barua ya kundi zima. Asiulizwe "umefika wapi", swali hilo ndilo alilolikimbia. Aulizwe kama anaweza kusoma kurasa tano za mwenzake. Wengi hurudi kupitia mlango huo, maana kusoma kazi ya mwingine hakuhitaji uwe umeandika yako.

Uratibu ubadilishwe kila mwaka, na mratibu mpya akabidhiwe daftari la faili mbele ya wote, likiwa na nywila zake. Anayehitimu abaki mwaka mmoja kama msomaji. Nakala za tasnifu yake ziende kwenye maktaba ya chuo, kituo cha hifadhi alikosoma mafaili, na shule au maktaba iliyo karibu na vijiji alikohoji watu. Na picha zake za mafaili, zile ambazo kanuni za hifadhi zinaruhusu kugawana, ziingie kwenye diski ya kikundi kabla hajavaa joho, kwa sababu baada ya sherehe simu hubadilishwa.